Fundi kanijazia upepo 42, mafuta yamepungua lakini gari linaruka kama mbuzi. Nishushe?

#1 Kidumu_cha_Njano (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Naenda kwenye mada.

Nina ka-Toyota IST cc 1300, naishi Mbezi Mwisho, kazi Posta. Miaka miwili najaza upepo 28, mara 30, kadiri kijana wa sheli atakavyojisikia siku hiyo. Wiki tatu zilizopita fundi pancha mmoja akaniangalia kwa huruma: "Bosi, unaendesha gari lina njaa." Akazitwanga zote nne 42. Akasema sasa litateleza lenyewe, mafuta nitayasahau.

Na kweli. Nilikuwa napata kilomita 12 kwa lita, sasa napata 14.2. Ila kwenye rasta za barabarani meno yanagongana, wife anasema anaisikia kila kokoto kwa jina, na juzi mvua imepiga Ubungo nimekanyaga breki gari likawa kama linafikiria kwanza. Stika ya mlangoni imeandikwa 220, sijui ni 220 ya nini.

Nibaki na 42 nile mafuta kidogo, au nirudi 30 niendeshe kwa raha?

#2 Kiroboto_Mtulivu
220 ni volti mkuu. Usishike mlango ukiwa umelowa.

#3 Spana_17
Achana na #2. Hiyo ni kilopaskali. Gawa kwa 6.9 upate PSI (pauni kwa inchi ya mraba), yaani 220 ni kama 32. Chini yake utaona pia 2.2, ndiyo hiyohiyo kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba. Mjapani anaandika hivyo, sisi geji zetu zinasoma PSI, hapo ndipo watu wanapotea.

Na namba ile iliyo ubavuni mwa tairi, 44 au 51, sio ya kujaza. Ni kikomo cha tairi lenyewe. Mwenye tairi hajui utalivalisha Vitz au Noah. Mwenye gari ndiye anayejua uzito wake, kaandika mlangoni. Jaza 32, tena asubuhi kabla hujatembea.

#4 Tandam_Tunduma
Mimi dereva wa masafa mwaka wa 19 huu. Stika imeandikwa Japani kwa barabara za Japani. Huku unabeba watu watano, gunia la mkaa na kuku wa mkwe. 32 ni ya kwenda kanisani. Sisi kwenye semi tunapiga 120 na hakuna anayelia.

#5 Spana_17
#4 mzee wangu heshima yako, lakini tairi la semi na la IST hayajuani hata kwa salamu. Lile 315/80 linabeba tani tatu na zaidi peke yake, lazima liwe na 120. Kuhusu mzigo uko sahihi kidogo: magari mengi yana namba ya pili ya gari likijaa, nyuma inapanda kidogo. Sio kumi juu kote.

#6 Mama_Wawili
Mimi nina ushahidi wa mpira. Noah yangu ya kupeleka watoto shule, kijana alikuwa ananijazia 40 kila Jumamosi, nami naona ananipenda. Mwaka haukuisha, tairi zikawa vipara katikati, pembeni bado zina vinyweleo vya dukani. Muuza tairi akapitisha kidole: katikati pameisha upepo ulizidi, mabega yote mawili yameisha upepo ulipungua, upande mmoja tu umeisha kafanye alaimenti. Nilichookoa kwenye mafuta kilikwenda kwenye seti moja ya tairi na chenji haikurudi.

Kidumu, kapitishe kidole chako.

#7 Hesabu_Haina_Ndugu
Mimi 14.2 ndiyo inanikera. Idara ya Nishati ya Marekani wana kanuni yao: ukishusha PSI 1 kwenye tairi zote nne, unapoteza kama asilimia 0.2 ya umbali kwa mafuta yaleyale. Ukitoka upepo wa hovyo ukaja sahihi, wastani unaokoa 0.6, ukibahatika sana 3.

Kidumu katoka 28 kaenda 42. PSI 14. Mara 0.2 ni asilimia 2.8. Basi 12 ingekuwa 12.3. Yeye anatuambia 14.2, asilimia 18! Fundi pancha angekuwa na uwezo huo asingekuwa amekaa chini ya mwembe.

#8 Mwendokasi_Sipandi
#7 hesabu zako nzuri ila umesahau kalenda. Wiki tatu zilizopita shule zimefunga! Kutoka Mbezi hadi Posta saa mbili zimekuwa dakika hamsini. Injini haikai inaunguruma Kimara Korogwe bure. Upepo hauna kosa wala sifa hapo.

#9 Geji_Bandia
Kwanza unapima vipi, mkuu? Kama ni kwa mshale wa tenki, funga uzi. Mshale wa IST una tabia za mtu, nusu ya juu unatembea kama bibi harusi, nusu ya chini unaanguka kama nazi.

#10 Kidumu_cha_Njano
Najaza fulu, pampu ikijikata naacha, natembea, najaza tena fulu, nagawa. Sheli ileile, hata kijana ni yuleyule. Sio mshamba kiasi hicho #9.

Labda niseme pia kwamba siku ileile nilibadilisha rimu. Zangu za 15 mbili zilipinda kwenye shimo, nikavaa za 14 kutoka kwenye Vitz ya shemeji. Tundu nne zileile, ziliingia bila ugomvi. Sidhani kama inahusiana.

#11 Spana_17
SASA UNASEMA?

#12 Kiroboto_Mtulivu
Mgonjwa kaja anaumwa kichwa, post ya kumi anataja kwamba alianguka mnazi.

#13 Hesabu_Haina_Ndugu
Kidumu, soma namba za ubavuni, za zamani na za sasa.

#14 Kidumu_cha_Njano
Zamani 185/65R15. Sasa 175/65R14.

#15 Hesabu_Haina_Ndugu
Ahsante. Kaeni vizuri.

185/65R15 kimo chake ni milimita 621 na ushee. 175/65R14 ni 583. Odometa haioni barabara, inahesabu mizunguko tu. Tairi dogo linazunguka zaidi kwa njia ileile, kwa hiyo dashibodi ikikwambia kilomita 100, umetembea kama 94. Hiyo 14.2 yako ni 13.3. Hapo toa asilimia mbili tatu za upepo, zinazobaki mpe #8 na shule zake.

#16 Kidumu_cha_Njano
Sawa, odometa inadanganya. Lakini wallet yangu nayo inadanganya? Nilikuwa najaza kila baada ya siku sita, sasa nane. Nyumba haijahama, Posta haijahama.

#17 Mwendokasi_Sipandi
Foleni imehama, kaka. Subiri shule zifunguliwe tuonane hapahapa.

#18 Tandam_Tunduma
Wasomi mnamwonea kijana. Gari lenye upepo mwingi ni jepesi, hata ukilisukuma kwa mkono unajua. Mkitaka kubisha teremkeni mkasukume.

#19 Spana_17
Hilo #18 hakuna anayekataa, mzee. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja kila mzunguko, kujikunja ndiko kunakokula nguvu ya injini na kugeuka joto. Ubishi ni kiasi gani.

Kidumu, kwa tairi hizo za Vitz stika yako ya 220 haikuhusu tena moja kwa moja. Iliandikwa kwa tairi pana na refu zaidi. Dogo likibeba gari lilelile linahitaji upepo zaidi kidogo. Angalia pia namba ya mzigo: 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560. Mimi ningeweka 35, nikasikilizia.

#20 Mama_Wawili
Mbona #3 ulisema 32 na stika ndiyo mwenye gari?

#21 Spana_17
Nilisema hivyo kabla mgonjwa hajataja mnazi, dada yangu.

#22 Rift_Valley_Probox
Sasa wadau. Niko Nakuru, nafuata kwa umakini. Huku wazee walitufunza ukianza safari ndefu ya kushuka Mombasa unatoa hewa kidogo kwa sababu ya joto la Voi na Mackinnon, tairi isipasuke. Nimefanya hivyo miaka na Probox yangu imebeba hadi mbuzi. Kwani tulikosea?

#23 Spana_17
Mlikosea, ndugu. Tairi likitembea barabara kuu linapanda PSI 4 hadi 6 lenyewe, na aliyeandika stika alishaliweka hilo kwenye hesabu. Ndiyo maana wanasema upime la baridi, limelala masaa matatu au halijatembea zaidi ya kilomita moja mbili. Ukilitoa upepo likiwa la moto, likipoa liko chini. Ukianza safari liko chini, ubavu unajikunja zaidi, joto linazidi zaidi. Unakimbia moto kwa kuingia jikoni.

#24 Tandam_Tunduma
Miaka ile tukifika Morogoro utingo anashuka na rungu anagonga tairi moja moja. Lililolia "ngoo" limevimba, anapunguza. Hatukupasua hovyo.

#25 Utingo_Mstaafu
#24 mzee usitusingizie. Rungu halikuwa la kutafuta lililovimba, lilikuwa la kutafuta lililokufa kwenye pacha la nyuma! Yakiwa mawili mawili, moja likiisha upepo dereva hajui, mwenzake anabeba mzigo wa wawili, yanasuguana, yanashika moto. Lililo zima linalia, lililokufa linasema "pup". Nililala chini ya lori miaka saba naijua sauti hiyo kuliko ya mke wangu.

#26 Tandam_Tunduma
Nakubali la rungu. La joto sikubali.

#27 Msomaji_wa_Magazeti
Kwa wanaosema upepo mdogo ni raha tu haina madhara, mwaka 2000 Marekani watengeneza tairi Firestone waliita zirudishwe tairi milioni 6.5, nyingi zilikuwa kwenye Ford Explorer. Ngozi ya juu ilikuwa inabanduka gari likiwa kasi, gari linabiringika. Waliokufa walizidi mia mbili. Na moja ya vitu walivyogombania ni hikihiki: Ford kwenye gari waliandika 26, Firestone wakasema ingekuwa 30.

Mwaka huohuo Bunge lao likapitisha sheria iliyozaa ile taa ya upepo kwenye dashibodi.

#28 Mama_Wawili
Kwa hiyo stika yenyewe ndiyo ilikuwa kwenye kesi? Mbona tunaapia stika tangu asubuhi?

#29 Msomaji_wa_Magazeti
Ford walisema tatizo ni tairi, Firestone wakasema tatizo ni gari na upepo wake. Kampuni mbili zilizokuwa pamoja tangu enzi za mababu zao zikaachana kwa barua. Sasa wewe na fundi wako wa mwembeni mtaamua nini?

#30 Geji_Bandia
Hiyo taa nayo msiitegemee. Kiwango chao ni iwake upepo ukipungua robo nzima chini ya stika. Kama stika ni 32, inakaa kimya hadi 24. Hapo tairi limeshachoka kitambo.

Halafu mnabishana 32 na 35, mmeuliza geji? Jumamosi nilipima tairi moja, dakika zilezile, geji tatu. Yangu ya kalamu 33. Ya jirani ya mshale 30. Ya sheli ile yenye kioo kilichopasuka, 37. Tairi moja! Kidumu, hiyo 42 ya fundi yaweza kuwa 36, yaweza kuwa 46.

#31 Kidumu_cha_Njano
Duh. Hilo sikuliwaza kabisa. Kesho nanunua geji.

#32 Mswahili_wa_Ruwi
Assalaam alaykum. Mie nipo Maskati. Huku joto hili mnalolitaja nyie twalitumia kuanikia samaki. Hakuna anotoa upepo kwa ajili ya joto la lami. Twatoa kwa mchanga tu: tukenda majangwa ya Sharqiya, mlangoni mwa mchanga kila mtu anashuka, pssss mpaka 15, tairi linalala, linakuwa na unyayo kama wa ngamia, gari linapita juu. Ukiacha 35 unachimba kaburi mwenyewe. Lakini ukirudi lamini unajaza kwanza, ndipo ukimbie. Kijana mmoja wa kwetu alisahau, kapiga 120 na tairi za mchangani. Ubavu ulichanika duara zima, rimu likabaki na bangili ya mpira. Alhamdulillah alitoka mzima.

#33 Rift_Valley_Probox
#32 hiyo bangili ya mpira nimeiona kwa macho. Nakoma kutoa hewa. Lakini nieleze kitu kimoja wataalamu: nikipima Nakuru na nikipima Mombasa namba hazifanani hata bila kuguswa.

#34 Mteremko_wa_Kitonga
Mimi ni Dar kwenda Mbeya kila mwezi. Naondoka na 33, kesho yake alfajiri Mbeya, kibaridi cha nyuzi 14, napima nakuta 33. Nilidhani baridi ingeshusha. Tairi zangu zina uaminifu.

#35 Hesabu_Haina_Ndugu
Sio uaminifu, ni sare. Geji inapima tofauti kati ya ndani na nje. Mbeya iko mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, pungufu kama PSI 2.7 ukilinganisha na Dar, kwa hiyo geji inapanda kiasi hicho. Halafu kutoka nyuzi 32 hadi 14 ndani kunapungua karibu PSI 2.8. Moja linavuta juu, moja linavuta chini.

#36 Mteremko_wa_Kitonga
Au geji yangu imekwama kwenye 33.

#37 Geji_Bandia
Hilo ndilo jibu langu pia.

#38 Anga_za_Chini
Kuhusu mvua ya Ubungo aliyosema Kidumu hakuna aliyemjibu. Kwenye urubani kuna kanuni: kipeuo cha pili cha PSI mara 9, unapata mafundo (maili za baharini kwa saa) ya kasi ambayo tairi litaanza kuelea juu ya maji. PSI 30 ni kama km 91 kwa saa. PSI 20 ni kama 75. Kwa hiyo upepo mwingi kwenye maji ni afadhali, sio hatari!

#39 Spana_17
Kanuni ya matairi ya ndege hiyo, mkuu, na dimbwi lenyewe liwe la kutosha. Gari lina upana mwingine na kashata (mifereji ya tairi) zinazotoa maji. Na Kidumu Ubungo hakuwa 91, labda angekuwa anaruka. Alikuwa 30 kwa saa kwenye lami yenye oili na vumbi la miezi. Kwa upepo 42 tairi limesimama kwa kucha, mpira unaogusa chini ni mdogo, linadunda badala ya kushika.

#40 Anga_za_Chini
Au tairi zenyewe ni kuukuu. Za shemeji, si ndiyo? Tafuta neno DOT ubavuni, namba nne za mwisho: mbili wiki, mbili mwaka.

#41 Kidumu_cha_Njano
Nimetoka nje na tochi. Tatu zinasema 2316. Moja 0811.

#42 Kiroboto_Mtulivu
0811 hiyo ilishastahili kupiga kura.

#43 Mama_Wawili
Wiki ya nane, 2011! Mdogo wangu, hata ukijaza upepo wa Makka hiyo itakuacha njiani. Gusa mpira wake kwa ukucha, utasikia kama kopo. Shemeji kakupa rimu au kakupa urithi?

#44 Bei_Gani_Leo
Samahani kuingilia, vipi naitrojeni? Kuna sehemu wananiambia niweke, mafuta yatapungua na tairi haitashuka milele.

#45 Hesabu_Haina_Ndugu
Hewa unayovuta bure tayari ina naitrojeni asilimia 78. Jarida la Consumer Reports la Marekani waliwahi kujaza tairi za aina 31 wakaziacha mwaka mzima: za hewa zilipungua PSI 3.5, za naitrojeni 2.2. Tofauti ipo, ni ya PSI moja na kidogo kwa mwaka. Kama unapima kila mwezi hutaiona.

#46 Tandam_Tunduma
Na kama hupimi?

#47 Hesabu_Haina_Ndugu
Basi weka naitrojeni na usali.

#48 Kidumu_cha_Njano
Mrejesho wakuu. Nimenunua geji, ya kalamu. Leo saa kumi na moja na nusu asubuhi, gari limelala. Mbele kulia 41. Mbele kushoto 40. Nyuma kulia 41. Nyuma kushoto, hiyo ya 2011, 29! Nikapaka povu la sabuni, linatoa vipovu kwenye shina la valvu, mpira wake umepasuka kama kisigino. Kumbe naendesha gari linalochechemea na kusifia mafuta.

Zilizobaki nimeshusha 35 kama #19. Rasta za Kibamba nimezipita leo kama zimetandikwa zulia. Wife kauliza kama nimebadilisha shokapu. Mafuta sijui bado.

#49 Mwendokasi_Sipandi
Shule zinafunguliwa Jumatatu. Napenda tu kukumbusha.

#50 Spana_17
Ahsante kwa mrejesho. Hiyo ya 2011 itoe leo, vaa spea. Spea ulipima?

#51 Kidumu_cha_Njano
Spea inapimwa?

#52 Utingo_Mstaafu
Uuuwi.

#53 Spana_17
Inua zulia la buti. Ukikuta tairi jembamba kama la pikipiki, hilo ni la dharura: linataka kilopaskali 420, yaani PSI 60, na usizidi 80 kwa saa. Hilo ni la kukufikisha kwa fundi tu, sio la Posta na kurudi.

#54 Kidumu_cha_Njano
Nimeinua. Ni hilo jembamba. Juu yake kulikuwa na kiatu cha mtoto tulichokitafuta tangu Pasaka. Nimeweka geji, kijiti chake hakikutoka hata kidogo. Nikadhani nimekosea, nikajaribu tena. Nimebonyeza mpira kwa kidole gumba, kimezama.